TCAS kimya au TCAS kelele: kabla hujavuta prosesa anzia hapa

Wadau wa Kisongo (kiwanja cha Arusha), KIA (Kilimanjaro) na kiwanja cha Moshi, hii ni kwa mafundi wa avioniki, yaani redio na elektroniki za ndege, wanaoanza kazi na marubani wa ndege ndogo zinazopeleka watalii porini. TCAS ni kifaa cha kumwonya rubani ndege nyingine ikimkaribia, na prosesa ndo kompyuta yake. Lalamiko la "TCAS mbovu" likifika hanga, mara nyingi cha kwanza mtu anachofanya ni kuvuta prosesa aagize nyingine, na prosesa hela yake si ya mchezo na inatoka nje ya nchi, ndege inalala wiki kadhaa msimu umechanganya, kifaa kinakuja, kinafungwa, na shida iko palepale. Mimi msimamo wangu ni kwamba prosesa iwe kitu cha mwisho kushukiwa. Shida nyingi ziko kwenye transponda (redio ya ndege inayojibu maswali ya rada na ya TCAS), antena, kebo na kimo kinachotumwa, tena mara nyingine ziko kwenye ndege ya mwenzako kabisa wala sio yako.

Kitu cha kuelewa kwanza, hiki kifaa hakina macho na hakioni bati la ndege. Kinarusha swali kwenye masafa ya 1030 MHz, transponda ya ndege nyingine inajibu kwenye 1090 MHz, muda wa jibu kurudi unakipa umbali, ndani ya jibu kuna kimo, alafu antena inakadiria jibu limetoka upande gani, basi. Ni kama mtu anayepiga hodi usiku kwenye nyumba isiyo na taa, asipoitikiwa anahesabu hamna mtu. Ndege yenye transponda iliyozimwa au iliyokufa, kwa TCAS haipo.

Alafu jua uko na kifaa gani, maana watu wanaita kila kitu TCAS. Zile ATR, ndege kubwa za abiria za pangaboi, zinazotua KIA na Kisongo zina TCAS II, inatoa onyo la kukuambia kuna ndege karibu, yaani TA, na ikizidi inatoa amri ya kupanda au kushuka, yaani RA. Kwa kiwango cha ICAO, shirika la usafiri wa anga la dunia, tangu Januari 2005 ndege za injini ya tabaini zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,700 au zinazoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya 19 lazima ziwe nayo. Caravan, ile Cessna ndogo ya kupeleka watalii, iko kwenye kilo kama 4,000 kwahiyo haimo, na zile zilizofungwa kifaa nyingi zina TCAS I au TAS, ndugu zake wadogo, hizo ni TA tu hamna amri, rubani anaambiwa ipo afu amri ni yake mwenyewe. Na kuna wale wenye kipokezi kidogo cha ADS-B, yaani mfumo ambao ndege inajitangaza yenyewe kwa redio mahali ilipo, kimeunganishwa na tablet. Hivi vitatu vinaumwa magonjwa tofauti, ukichanganya unapoteza siku nzima.

Swali la kwanza kumuuliza rubani kabla hujashika bisibisi: ni ndege moja tu ilikuwa haionekani au inaonekana vibaya, au ni zote? Ikiwa moja na nyingine zote ziko sawa, shida iko kwa yule mwenzake. Ikiwa zote, shida iko kwako. Swali la pili: waongozaji wa KIA wanakuona kwenye rada, na kimo wanachosoma ndo hichohicho cha kwenye altimeta yako? TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, wamefunga rada pale KIA pamoja na Dar, Mwanza na Songwe, kwahiyo kuuliza ni sekunde chache kwenye redio na hailipiwi. Majibu ya hayo mawili yanakata nusu ya kazi.

SKRINI TUPU NA NDEGE UNAIONA KWA MACHO

Hili ndo lalamiko kubwa na ndo linalonitisha kuliko yote, kwahiyo nitakaa hapa muda.

Chukua Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, asubuhi, msimu wa nyumbu Julai mpaka Oktoba. Ndege moja inatoka Kisongo, nyingine inatoka Seronera, nyingine Mwanza, zote zinataka kiwanja kimoja cha changarawe ndani ya robo saa moja, hamna mnara pale, kila rubani anajitangaza mwenyewe kwenye redio. Rubani anarudi jioni anakwambia Caravan ilipita kulia kwake futi mia tano chini na skrini haikuonyesha hata doti.

Cha kwanza, transponda ya yule mwingine ilikuwa stendibai, yaani imewashwa ila haijibu. Kuna transponda za zamani ambazo rubani lazima azungushe swichi mwenyewe kutoka stendibai kwenda ALT, yaani ijibu na itume kimo, na kuna mazoea ya kuiweka stendibai ukishatua, sasa mtu ametua porini, kazima, kapakia wageni, kawasha, kaondoka haraka maana kuna ndege nyingine inakuja nyuma, swichi imebaki palepale. Hapo kifaa chako ni kizima kabisa. Cha kufanya ni kumtafuta yule rubani au fundi wake na kumwambia ukweli bila kugombana, maana anayekufa hapo sio mwenye kosa peke yake.

Cha pili, transponda yako mwenyewe. Kwenye TCAS II, transponda ikienda stendibai au ikifa, TCAS yote inalala nayo, ina maana wewe huonekani na huoni. Hii imeshaua watu wengi sana. Tarehe 29 Septemba 2006 kule Brazil, Boeing 737 ya Gol iligongana na ndege ndogo ya jeti aina ya Legacy 600 juu ya Amazon, watu 154 wote waliokuwa kwenye Boeing wakafa, na ile Legacy transponda yake ilikuwa imeacha kurusha, TCAS yake ikawa imelala, na marubani hawakupigiwa kengele yoyote, kulikuwa na maandishi madogo tu kwenye skrini. Ndege mbili mpya, vifaa vipya, kimo kimoja. Kwahiyo fundi ukifika kwenye ndege, kabla ya kitu chochote soma skrini yote pamoja na yale maandishi madogo ya pembeni, na uangalie paneli ya transponda imewekwa wapi. Usimwamini mtu anayekwambia "ilikuwa ON".

Cha tatu ni kichujio cha kimo. Vifaa vingi vina NORM, ABOVE na BELOW, na kwenye NORM vingi vinaonyesha ndege zilizo ndani ya futi kama 2,700 juu yako na chini yako. Rubani anapanda kutoka Kisongo kuikwepa Meru, anauliza mbona ATR inayoshuka KIA haioni, kumbe ATR iko futi 5,000 juu yake. Weka ABOVE ukiwa unapanda, BELOW ukiwa unashuka. Na kipimo cha umbali pia, ukiweka maili 40 ndege iliyo maili moja inakaa juu ya alama yako mwenyewe na huioni.

Cha nne ni kivuli. Caravan ina bawa kubwa juu, antena ya transponda iko tumboni. Mtu akiwa juu yako jibu lako linazibwa na mwili wa ndege yako, na kama TAS yako ina antena moja tu juu ya paa basi ndege iliyo chini yako nayo inaweza kupotea hasa mkiwa karibu. Ndege kubwa zina antena juu na chini kwa sababu hiyo. Dalili ya kivuli ni kwamba doti inakuja na kupotea kila mkigeuka, haipotei moja kwa moja. Hapo hutengenezi kitu, unamweleza rubani, na kama mwenye ndege ana hela unamshauri aongeze antena ya chini.

Cha tano wengi hawakijui na kwa huku kwetu ni kikubwa. Kuna vile vifaa vya kupokea tu, haviulizi, vinasikiliza majibu ya wengine. Sasa transponda ya zamani ya Mode A na C (A inatuma namba, C inatuma kimo) haiongei mpaka iulizwe. Karibu na KIA rada inauliza, ATR zinauliza, majibu yanajaa hewani na kifaa chako kinaonekana kizuri sana. Ukishavuka Ngorongoro ukashuka chini Serengeti, mawimbi ya rada yanakwenda kwa mstari ulionyooka na milima yote ile iko katikati, hamna wa kuuliza, transponda ya mwenzako imenyamaza, kifaa chako kimenyamaza, wewe unadhani anga iko wazi. Transponda za kisasa za Mode S zenyewe zinajitangaza kila sekunde hata zisipoulizwa, kwahiyo hizo utazipata. Dalili yake iko wazi, inafanya vizuri Kisongo, inakufa porini, ikirudi Kisongo inafufuka. Ukikuta hivyo usifungue kitu, kifaa kimefika mwisho wa uwezo wake.

Na wale wa tablet na ADS-B ni hivyohivyo, kipokezi kinasikia ndege zenye ADS-B ya kurusha tu. Watu wanaangalia video za Marekani wanaona skrini imejaa ndege, kule kuna vituo vya ardhini vinavyochukua ndege zinazoonekana kwenye rada na kuzirusha upya kwa wenye vipokezi. Seronera huna huduma hiyo. Alafu ile boksi watu wanaitupa nyuma ya siti au chini ya dashibodi imezungukwa na bati, iweke dirishani panapoona anga, na hakikisha betri na GPS yake viko hai kabla hujaanza kulaumu programu.

NDEGE IPO ILA HAINA NAMBA YA KIMO

Unaona alama kwenye skrini, haina zile tarakimu pembeni. Yule mwenzako anatuma namba yake ya tarakimu nne bila kimo, ama kaweka swichi kwenye ON badala ya ALT, ama inkoda yake, kile kifaa kinachoipa transponda kimo, imekufa. TCAS II itakupa TA lakini RA haitakupa kamwe, maana haiwezi kukwambia panda au shuka bila kujua yeye yuko juu au chini. Hii ndo hali iliyokuwepo Cerritos, California, tarehe 31 Agosti 1986, kindege cha Piper chenye transponda isiyotuma kimo kiligongana na DC-9 ya Aeromexico, watu 82 wakafa wakiwemo 15 waliokuwa majumbani mwao chini. DC-9 yenyewe haikuwa na TCAS, na ajali ile ndo iliyoisukuma Marekani kulazimisha kifaa hiki kwenye ndege za abiria.

Ikiwa wewe ndo unaambiwa na KIA "hatupati kimo chako", angalia muda. Inkoda za zamani zina hita ndani na zinahitaji dakika kadhaa zipate moto ndo zianze kutoa kimo. Kama kimo kinakosekana mwanzo alafu kinakuja chenyewe na kinabaki, inkoda inapasha moto tu. Kama kinakuja na kupotea ukiwa hewani, angalia umeme wa inkoda, sakitibreka yake, na konekta nyuma ya paneli, kabla hujanunua inkoda mpya.

KIMO KINASOMEKA LAKINI NI CHA UONGO

Hapa kuna kesi ambayo sio ugonjwa na inakuja kila mara. Rubani anasema altimeta yangu inasoma 9,500 na transponda inatuma 9,300, mbovu. Transponda siku zote inatuma kimo kwa presha ya hektopaskali 1013.25, hata uzungushe altimeta yako kwenye QNH (presha ya mahali ulipo) gani. QNH ikiwa 1020 tofauti ni hektopaskali 7, kila moja ni futi kama 27 mpaka 30, ukizidisha unapata futi mia mbili hivi. Weka altimeta 1013 alafu linganisha tena. Waongozaji nao wana kiwango, tofauti isizidi futi 300 kwenye anga ya kawaida na futi 200 kwenye anga ya RVSM kule juu, ambako ndege zinapangwa karibu zaidi kwa kimo.

Ikibaki tofauti baada ya hapo, sasa tafuta. Altimeta na transponda zote zinadanganya kwa kiasi kilekile, nenda kwenye mfumo wa statiki, yaani mabomba yanayoleta presha ya hewa ya nje, bomba limevuja, maji ya masika yamekaa ndani, nyigu kajenga kwenye tundu, hayo yote nimeyakuta. Altimeta iko sawa na transponda peke yake ndo inadanganya, basi ni inkoda au nyaya zake.

Na nyaya hizo zina tabia yake. Mfumo wa zamani unatuma kimo kwa nyaya nyingi sambamba, kila waya una kazi yake kwenye hesabu. Waya mmoja ukikatika au ukigusana na bodi, kimo kinakuwa sahihi kwenye baadhi ya vimo alafu ghafla kinaruka futi mia kadhaa au hata maelfu kwenye vimo vingine. Ukipima chini tu hapa Kisongo, kwenye futi 4,550, inaweza kukupa jibu safi kabisa ukasaini ukaiachia, ikifika 11,000 inaruka. Kwahiyo unganisha mashine ya pitoti na statiki, ile inayoiga presha ya kimo ndege ikiwa chini, panda nayo kila futi 500 mpaka kimo cha juu cha ndege hiyo, alafu shuka nayo, andika zote. Ni kazi ya kuchosha na kuna watu wanairuka, na mimi naomba msiiruke, maana kimo cha uongo ni kibaya kuliko kukosa kimo. Ukikosa kimo TCAS ya mwenzako inajua haijui. Ukidanganya, inaweza kumwamuru ashuke akufuate uliko.

KUNA NDEGE INATUFUATA, KIMO KILEKILE, HAIBANDUKI

Marubani wengine wanaiita mzimu. Alama iko juu yako kabisa, kimo sifuri tofauti, ukipanda inapanda. Mara nyingi hiyo ni wewe mwenyewe. TAS yako inarusha swali, transponda yako inajibu, TAS inalisikia jibu lako. Kuna waya wa kuzuiana unaounganisha DME (kifaa cha kupima umbali hadi kituo cha ardhini), transponda na TCAS, vyote vinafanya kazi kwenye masafa yaliyo jirani, na kimoja kikirusha kinaviambia vingine vinyamaze. Huo waya ukikatika au konekta ikilegea unapata mzimu, au DME inaanza kurukaruka, au vyote viwili. Pima mwendelezo wa waya huo kwanza, ni kazi ya dakika na mita ya kawaida.

Kwenye tablet na vipokezi vya ADS-B chanzo ni kingine, kipokezi hakijui anwani ya biti 24 ya ndege yako, ile namba ya utambulisho iliyo ndani ya transponda, kwahiyo kinakuhesabu kama mgeni. Ingiza anwani sahihi kwenye mipangilio, mzimu unaondoka.

Sasa kwenye hiyo anwani naomba tusimame kidogo. Ndege nyingi za huku zimenunuliwa zikiwa na usajili wa nje, Afrika Kusini ZS, Kenya 5Y, zikaja zikapewa 5H yetu. Usajili umebadilishwa kwenye bati, rangi mpya imepigwa, lakini ndani ya transponda anwani imebaki ya zamani. Au transponda imehamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine ya kampuni ileile na hakuna aliyebadilisha, sasa ndege mbili ziko hewani na anwani moja. TCAS imetengenezwa kupuuza majibu yenye anwani yake yenyewe, ina maana ndege hizo mbili zinaweza zisionane kabisa, na vifaa vyote viwili vikipimwa hanga vinafaulu. Dalili pekee ni ile ya "ndege moja tu siioni", na rada nayo inaweza kuwachanganya. Kila mkihamisha transponda, someni anwani kwa mashine ya kupimia na mlinganishe na cheti cha usajili, kwa macho ya watu wawili.

RA AU TA IMETOKEA NA HAMNA NDEGE POPOTE

Kama ilitokea karibu na kiwanja, uliza siku hiyo nani alikuwa anapima transponda chini. Fundi yuko hanga, kaunganisha mashine, kapandisha kimo mpaka futi 8,000 kupima inkoda, transponda inarusha kwa antena ya kawaida bila kufunikwa, na ndege inayopita juu inasikia jibu la ndege iliyo futi 8,000 na umbali wa maili moja, ambayo kwa kweli imekaa sakafuni. Rubani anapewa amri ya kupanda au kushuka kuikwepa ndege isiyokuwepo, na anaweza kuisogelea iliyopo. Dawa inajulikana, funika antena kwa kile kifuniko chake cha kupimia au unganisha kwa kebo moja kwa moja, na uwaambie mnara kabla hujaanza.

Kesi nyingine ndege ilikuwepo kweli ila ilikuwa salama. Mmoja anapanda kwenda 14,000 kwa kasi, mwingine ametulia 15,000, TCAS haijui kwamba wa chini atasimama 14,000, inahesabu kasi yake tu inaona mtagongana. Kwenye futi 1,000 za mwisho punguza kasi ya kupanda au kushuka iwe chini ya futi 1,500 kwa dakika, na RA za aina hiyo zinapungua sana. Hapo fundi huna kazi, andika na uirudishe kwa kepteni kwa heshima.

KARIBU NA ARDHI INANYAMAZA

Ni kweli na imepangwa hivyo. TCAS II ikiwa chini ya futi kama 1,000 kutoka ardhini haitoi RA, na chini ya futi kama 500 hata sauti ya TA inazimwa. Kipimo hicho kinatoka kwenye redio altimeta, inayopima kwa redio umbali wa ndege na ardhi, kwahiyo redio altimeta ikiumwa TCAS inaweza kuandika FAIL na wewe ukahangaika na prosesa bure. Ukiona FAIL soma kwanza kumbukumbu za hitilafu zilizomo ndani ya kifaa, mara nyingi zinakutajia redio altimeta, transponda au antena kwa jina.

Na marubani mjue kwamba mlipo karibu na kiwanja, chini, ndege kubwa na za mafunzo pamoja, ndo mahali kifaa kinakusaidia kidogo zaidi. Tarehe 5 Machi 2024 Nairobi, Dash 8 ya abiria iliyokuwa imetoka kiwanja cha Wilson na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya mbuga ya Nairobi, watu wawili wa kwenye Cessna wakafa na Dash 8 ikarudi kutua. Sielezi chanzo chake, nasema mazingira, na Kisongo yetu na shughuli zake za asubuhi haina tofauti kubwa. Hapo ni macho nje na redio. Ndege wa porini, maputo ya Serengeti alfajiri, droni, hivyo vyote usitegemee kuviona kwenye skrini, na tai wanapanda juu kuliko mtu anavyodhani, mwaka 1973 tai mmoja aligongwa na ndege ya abiria futi 37,000 juu ya Abidjan.

UPANDE INAOONYESHA SIO ULE ULIOPO

Skrini inasema ndege iko kulia kwako, macho yanasema iko mbele. Kukosea nyuzi chache ni kawaida yake, antena ni ndogo, na ndo maana TCAS II haijawahi kukwambia pinda kushoto au kulia, inakwambia juu au chini tu. Rubani usipinde kwa kufuata skrini bila kuiona ndege yenyewe. Ila ikikosea robo duara nzima na kwa ndege zote, na antena ilishafunguliwa karibuni, nenda kaangalie kebo zake. Antena nyingi za aina hii zina kebo nne za rangi nne, mbili zikibadilishana nafasi unapata hasa ugonjwa huo. Na kama ndege imetoka kupigwa rangi, angalia antena isije ikawa imepigwa nayo.

INAKUFA NA KUFUFUKA

Mvua za masika, vumbi la Kiangazi, changarawe za viwanja vya porini zinazorushwa na gurudumu la mbele, vyote vinaishia tumboni mwa ndege na antena ya transponda ndo iko hapo. Lala chini ya ndege na tochi. Angalia kama antena ina ufa, imefunikwa mafuta na matope, inacheza ukiisukuma kwa kidole, gundi ya pembeni imeachia. Fungua konekta uone kama kuna kutu ya kijani au unyevu. Angalia mgusano wa antena na bati, rangi na kutu chini yake vinaua nguvu ya kurusha taratibu, leo unaonekana maili 20, mwezi ujao maili 6, na rubani hajui maana yeye anaona wengine vizuri tu, wao ndo hawamuoni. Pima nguvu inayotoka kwa mashine kila ukaguzi na uandike namba yenyewe, usiandike "OK", maana namba ndo itakuonyesha inashuka.

SAUTI ILIKUWA "ADJUST VERTICAL SPEED"

Hii ni kwa wenye TCAS II. Kama kwenye kifaa chako unasikia hiyo, una programu toleo 7.0. Toleo 7.1 limeiondoa na kuweka "Level off", kwasababu kuna marubani waliisikia ile ya zamani wakaenda kinyume. 7.1 pia imeboresha namna ya kugeuza amri pale ndege moja isipotii, na sababu yake ni Überlingen, tarehe 1 Julai 2002, mpakani mwa Ujerumani na Uswisi. Tu-154 ya abiria ya Urusi iliambiwa na mwongozaji ishuke, TCAS yake ikaiambia ipande, ikaendelea kushuka, na Boeing 757 ya mizigo ilikuwa inashuka kwa kutii TCAS yake. Watu 71, wengi wao watoto. Vifaa vyote viwili vilikuwa vizima. RA ikitoka unaifuata hiyo, unamwambia mwongozaji "TCAS RA", na kama amri zake ni kinyume unaendelea na TCAS mpaka yenyewe iseme "Clear of conflict", yaani hatari imepita.

MARUBANI, ANDIKENI HIVI

"TCAS U/S", yaani haifanyi kazi, kwenye logibuku haimsaidii mtu. Andika saa, mahali, kimo chako, kichujio na umbali ulioweka, ndege ngapi zilionekana na ngapi hazikuonekana, usajili wa ile isiyoonekana kama uliusoma, na kama ulikuwa unageuka. Fundi baada ya kutengeneza, safari ya kwanza inayopita KIA muombe rubani aulize kimo na mwangwi wake kwenye rada, aandike alichojibiwa na saa, na wewe ndo usaini baada ya kuliona hilo jibu.